Sekunde Arobaini za Namba Nne

Ufunguo wa kabati la kaseti nimemwachia sekreteri, pamoja na kalamu moja ya biki isiyo na wino, ambayo naomba msiitupe. Mmeniambia niandike kidogo kuhusu miaka yangu ishirini na sita hapa redioni, iwafae nyinyi mnaobaki. Nani alikuwa direkta mwaka gani, nani alipanda na nani alishuka, hayo yamo kwenye mafaili na panya wanayasoma vizuri kuliko mimi. Nitaandika kuhusu muziki mmoja tu. Nikikaa sasa nyumbani, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, naona kazi yangu yote ilizunguka muziki huo.

Nilipoanza sikuwa Mama Zaina, kama mnavyoniita kwa heshima. Nilikuwa Zaina, binti wa mshona kanzu wa hapa Rumonge, kando ya ziwa, na kilichonifikisha redioni ni pumzi. Mtu mmoja alinisikia nikisoma kwenye maulidi ya wanawake, akaenda kumwambia direkta kwamba kuna msichana anasoma mstari mzima bila kumeza mate. Nikaitwa kusoma komunike. Komunike, kwa yeyote atakayesoma karatasi hii na si mtu wa hapa, ni matangazo ya watu: fulani amefariki, fulani wanamaliza kilio, fulani amepoteza kitambulisho kwenye basi la Nyanza-Lac, fulani na fulani wanaoana. Watu wa mwambao huu wanaweza kukosa habari za dunia nzima, lakini komunike hawakosi.

Studio ilikuwa chumba kimoja chenye trei za mayai ukutani za kuzuia mwangwi. Mikro, yaani kipaza sauti, ilivishwa soksi ya mtoto ili herufi P isilipuke. Mwenye soksi hiyo alikuwa fundi wetu wa mitambo, Papa Eduari, Mkongomani wa upande wa Baraka, aliyekuwa akipiga kinanda kanisani kwao kabla ya vita. Siku ya kukimbia alivuka ziwa na sanduku la santuri alizoachiwa na padri mmoja mzee. Kwenye mtumbwi palikuwa na nafasi ya kitu kimoja, sanduku au godoro. Mkewe alimtajia kila mgeni godoro hilo kwa miaka yote niliyowajua.

Santuri hizo Papa Eduari alizihamishia kwenye kaseti, kaseti akazipanga kwenye boksi la viatu, na juu ya boksi akaandika kwa herufi kubwa: ROMANTIQUE.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Jumamosi. Msomaji wa salamu za harusi alikuwa na malaria, direkta yuko mkutanoni, Papa Eduari yuko kilimani anafunga antena. Niliachiwa karatasi tatu na onyo moja: taa nyekundu ikiwaka, hakuna anayeingia studio, awe nani. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya harusi ya kule Kigwena, Esperansi na Fidele. Chini yake mtu alikuwa ameandika, weka muziki romantique. Nikafungua kabati, boksi hili hapa, limeandikwa kabisa. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa wenzangu wenye utaratibu.

Nilichagua kaseti iliyochakaa kuliko zote, nikiwaza kwamba kinachochakaa ndicho kinachopendwa. Ilikuwa imesimamishwa tayari kwenye namba nne, upande wa pili. Piano peke yake, polepole. Nikaiacha kidogo, nikaipunguza sauti, nikasoma kwa pumzi yangu ile ya maulidi: "Familia ya mzee wetu wa Kigwena inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki wote, walio karibu na walio mbali..."

Watu hawakungoja kitenzi.

Mnajua sababu, hata nyinyi vijana. Kwetu hapa, piano ya taratibu isiyo na maneno ikisikika redioni ina maana moja. Redio kubwa za nchi zetu hizi, mkubwa akifa au mambo yakiharibika, zinakata vipindi na kuweka muziki wa namna hiyo saa nzima bila mtu kutamka neno. Wazazi wetu walijifunza, wakatufundisha: ukiusikia zima jiko, hesabu watoto, funga duka. Redio yetu ndogo ilipofunguliwa iliiga, kwa kipimo chake. Kila komunike ya msiba ilianza na sekunde arobaini za piano, kisha jina la marehemu. Na sekunde hizo arobaini zilikatwa kutoka kwenye hiyo hiyo namba nne, upande wa pili. Nami nilikuwa nikizisikia nyumbani kama kila mtu. Lakini siku ya kwanza kazini masikio yanatetemeka tu, hayasikii. Nilisoma neno kwenye boksi, nikaliamini neno kuliko masikio yangu. Likumbukeni hilo siku mtakapokuwa na haraka.

Nilitaja majina ya Esperansi na Fidele, nikafika kwenye "inafurahi kuwaalika" kwa sauti nzuri sana, ila Kigwena hakuna aliyeisikia. Mama wa bibi harusi alikuwa ameshaanguka. Direkta alitoka mkutanoni mbio, akagonga kioo cha studio kwa viganja viwili. Nikamwonyesha taa nyekundu. Akagonga tena, nikamwonyesha tena, kwa heshima. Namba Nne ikapigwa yote, dakika saba, mpaka kaseti ikajizima yenyewe.

Bwana harusi alikuwa na mashangazi kule Bugarama waliokataa kuja harusini kwa ugomvi wa zamani wa shamba. Kwenye harusi walikataa, kwenye msiba wakaja. Walishuka na mikeka, kuni na kapu la maharagwe, wakilia njia nzima, wakamkuta marehemu wao amevaa suti anakata keki. Nasikia walimpiga kwanza ndipo wakamkumbatia. Maharagwe yakapikwa, na ugomvi ukaishia hapo. Mimi hilo sikulijua mpaka baadaye. Siku hiyo nilijua tu kwamba nimeua watu wawili hewani siku ya harusi yao, na nililia chooni mpaka kilemba kikalowa.

Direkta alitaka nirudi kwa baba yangu nikashone vifungo. Papa Eduari akasimama mlangoni, bado na waya begani.

"Direkta, kosa iko yangu. Mimi njo niliandika lile neno. Mutoto amesoma tu."

Direkta akachukua kalamu nyekundu, akaandika chini ya ROMANTIQUE: MISIBA TU. Akatoka. Nikabaki, na maneno hayo mawili yakabaki kwenye boksi.

Papa Eduari akaketi kwenye kiti cha mgeni. Macho yake yalikuwa mekundu, nikadhani ni vumbi la kilimani.

"Zaina, uliiacha mpaka mwisho," akasema. "Nilikuwa na redio yangu kule juu. Dakika ya tatu ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu, Papa. Nilikuwa namwangalia direkta kwenye kioo."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akarudisha kaseti nyuma kwa kuizungusha kwa kalamu ya biki, ili asile betri, akaniambia funga macho.

Nitawaeleza nilichosikia, maana wengi wenu hamjapata kukisikia. Inaanza kwa huzuni, hilo ni kweli, na huzuni hiyo ndiyo mnayoijua. Dakika ya tatu mkono wa kushoto unaanza kukimbia. Noti zile zile za mwanzo zinarudi, lakini juu, wazi, unajikuta umekaa wima bila kuambiwa. Mwisho wake ni furaha, ila ni furaha ya mtu aliyetoka mbali. Nilifungua macho nikiwa na hasira. Nilikuwa nimeishi na huzuni ile tangu redio ifunguliwe, na hakuna aliyeniambia kwamba ina upande wa pili.

"Nani alikata hapa?" nikauliza.

"Mimi," akasema Papa Eduari. "Direkta wa kwanza alitaka kitu cha misiba, kama redio kubwa. Nikachukua mukasi. Niliona ni kazi ya siku moja. Sasa watu wanajua mulango tu, ndani hawajaingia. Kila nikisikia komunike, ninasikia ule mukasi."

Ndipo nikamuuliza kuhusu lile neno, kwa sababu mimi romantique nilijua ni maua ya plastiki na nyimbo za wapenzi. Akanionyesha jalada la santuri, lenye mchoro wa dhoruba juu ya maji. Nyuma palikuwa na maelezo ya Kifaransa ambayo alikuwa ameyasoma mpaka karatasi ikalainika. Alisema hao walikuwa watu wa Ulaya wa zamani, wachoraji, washairi na wapiga piano, waliochoka kuambiwa kwamba kila kitu kizuri lazima kipimwe kwa rula. Wakasema kile mtu anachohisi moyoni, na kile anachokiona amefumba macho, nacho ni ujuzi. Mapenzi yalikuwamo, lakini kama chumvi ilivyomo kwenye mboga, wala si mboga yenyewe.

"Dhoruba hii mbona ya uongo," nikamwambia. Nilizaliwa kando ya ziwa. "Mawimbi hayasimami hivi."

"Yule mutu hakuchora mawimbi," akasema. "Amechora woga wa mutu anayetazama mawimbi. Ila mutu mwenyewe hakumuweka kwa picha. Kwa nini?"

Nikalisogeza jalada karibu, nikatafuta hata kivuli cha mtu.

"Ili ukae wewe pale."

Huo ndio uliokuwa mwanzo wa kazi yangu, na cheti chake sina. Kutoka hapo alinifundisha kusoma komunike kwa njia ile ile. Alinikataza kulia. Ukilia wewe, aliniambia, watakusikiliza wewe, na marehemu hatakuwa na mtu. Badala yake aliniamuru nimwone msikilizaji mmoja, mmoja tu, mwanamke wa Kigwena anayesugua sufuria, ambaye jina nitakalotaja ni la kaka yake na bado hajui. Nimsomee yeye. Nimpe nafasi ya kuweka sufuria chini kabla ya jina. Miaka ishirini na sita nimemwona mwanamke huyo kila siku. Namjua mpaka rangi ya kitenge chake, na hayupo.

Kazi ina magumu yake, nawatajia mawili. Kulikuwa na mzee mmoja wa Bugarama aliyeleta komunike ya kifo chake mwenyewe, imeandikwa safi, kwa sababu hakuwaamini wanawe kutaja majina ya wajukuu kwa mpangilio. Nilimwambia, "Mzee wangu, tunaipokea, ila itabidi usubiri kidogo." Alikuja kuikagua kila mwaka na kuongeza wajukuu. Na kulikuwa na mama aliyekuja kwa miguu, mtoto wake alikuwa ameishi siku mbili, hakuwa amepewa jina. Fomu yetu ilitaka jina. Nikamuuliza alikuwa anamwitaje tumboni. Akasema, "Karibu." Nikasoma Karibu. Siku hiyo sheria ya Papa Eduari niliivunja, na sijutii.

Miaka ikaenda. Kaseti zikawa kompyuta. Kijana aliyekuja kuhamisha sauti zetu alihamisha sekunde arobaini tu za Namba Nne, faili akaliita MISIBA1, nyingine zote zikabaki kwenye boksi la viatu. Ni wakati huo nilipoona Papa Eduari anageuza kichwa upande mmoja mtu akisema naye, na simu inaita hajui. Masikio yalikuwa yanafunga. Sikio la kushoto lilikwisha, la kulia likawa linafuata.

Siku moja tukila ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, nyuma ya studio, akaniambia, bila kunitazama, "Zaina, kuna kitu kimoja ninataka. Kabla hili la kulia halijafunga, ninataka Namba Nne itoke kwa redio, yote. Mchana. Soko likiwa wazi, na hakuna maiti. Watu wasikie wasikimbie. Mara moja tu, kisha Mungu afunge anavyotaka."

Nikamwahidi. Nilikuwa nimeshakuwa Mama Zaina, nikadhani mtu akiitwa Mama Zaina mambo yanawezekana.

Direkta wa wakati huo alinijibu, "Dakika saba bila maneno? Mama, unataka kufunga Rumonge?" Aliyemfuata alisema tuandike projet, yaani mpango wa mradi, tukaandika, projet ikalala. Nikaamua kutumia ujanja. Nilichomeka ile mashine ya zamani, na komunike moja ya mzee mmoja mtaratibu, aliyekufa kwa uzee wake, nikaianzisha kwa kaseti badala ya faili. Sekunde ya arobaini ikafika, nikaiacha iendelee. Nilitaka watu wazoee kidogo kidogo, kama unavyomzoesha mtoto pilipili.

Hesabu yangu ilisahau kitu ambacho kila mtu wa hapa anakijua. Muziki ukirefuka, marehemu anakuwa mkubwa. Sekunde arobaini ni jirani yako. Ilipopita dakika moja bila jina, sokoni walianza kushusha milango. Ilipofika dakika na nusu watu walikuwa wanakimbilia shuleni kuchukua watoto. Mwanamke mmoja aliangusha dumu la mawese, yakamwagika barabarani, pikipiki ikateleza, dereva akachubuka mkono. Nilikata muziki, nikataja jina la mzee wa watu, na nasikia familia yake ilipata rambirambi kutoka sehemu ambazo hawakuwa na ndugu. Kwa dumu la mawese nilienda kuomba msamaha mwenyewe. Direkta alinipa barua ya onyo, nikaisaini.

Papa Eduari hakufurahi hata kidogo. Kule alikokuwa amekaa alikuwa ameona watu wakikimbia.

"Uliwadanganya," akaniambia. "Uliwapa muziki wa kufa, ukaurefusha. Hawakusikia piano, walisikia woga wao. Muziki usio na maneno, mutu anautilia maneno yake. Hawa maneno yao ni yale tu."

Alikuwa amesema kweli, na iliniuma. Nilikuwa nimezungumza miaka yote kuhusu mwanamke wa sufuria, kumbe siku niliyomhitaji zaidi sikumwona. Tangu siku hiyo ile ahadi sikuitaja tena, naye hakuitaja. Sikio la kulia likaendelea na safari yake.

Kisha ikaja asubuhi moja mwanamke mnene, amejifunga kitambaa cheusi, mchuuzi wa mawese anayejulikana soko zima. Alileta komunike ya mama yake. Niliandika majina, nikasoma kwa sauti ili ahakikishe. Alipokuwa anaondoka akarudi kutoka mlangoni.

"Mama Zaina, samahani. Ile piano musiweke kwa mama yangu."

"Kwa nini, dada? Ndiyo desturi."

"Ile iko ya ndoa yangu."

Nikaweka kalamu chini. Nikatazama tena karatasi, mahali alipoandika jina lake. Esperansi, mke wa Fidele, Kigwena.

Akaniambia kwamba siku ile, mama yake alipoanguka na watu wakaanza kupiga kelele, yeye alibaki amesimama karibu na redio na shela kichwani, peke yake, kwa kuwa aliyekufa alikuwa ni yeye na alijua hajafa. Akasikiliza kwa kushangaa. Akasikia mpaka mwisho. "Wengine walisikia musiba," akasema. "Mimi nilisikia inaanguka halafu inaamka. Nikasema, basi, ndoa yetu itakuwa hivi. Na imekuwa hivi. Sasa kila siku ninasikia munaikata kabla haijaamka. Niko sokoni ninauza mawese, ninacheka peke yangu, ninamalizia kwa kichwa. Wananiita mwendawazimu."

Sijui kama mmewahi kuona mtu aliyebeba kitu chenu miaka yote bila nyinyi kujua. Nilimshika mikono. Nikamweleza kuhusu Papa Eduari, mkasi, ahadi na sikio la kulia. Akasema tungoje amalize kilio cha mama yake, kisha atakuja.

Alikuja alivyosema, pamoja na Fidele, kutoa salamu za ndoa yao. Direkta, huyu wenu wa sasa, aliwakubalia kwa sababu salamu za ndoa hazikataliwi na mtu, ila kwa sharti moja: mtu aseme mapema na aseme tena kwamba hakuna aliyefariki. Mashine ya kaseti ilikuwa imekatika mkanda. Papa Eduari alikata utepe wa mpira wa baiskeli, akaufunga, akajaribu kwa kuweka kiganja juu ya mashine, maana kwa sikio alikuwa hapati tena uhakika. Nikazungusha kaseti kwa biki mpaka namba nne. Kisha akaondoka, akaenda sokoni kukaa kwenye kibanda cha Esperansi, redio juu ya meza mbele yake, Fidele pembeni.

Saa nne asubuhi. Taa nyekundu. Esperansi aliinamia soksi, akasema kwa sauti ile anayoitia wateja:

"Amahoro. Mimi ni Esperansi wa mawese, munanijua. Leo hakuna aliyekufa. Musifunge maduka. Hii ni muziki ya ndoa yangu, ile ya Kigwena, munaikumbuka."

Nikabonyeza. Piano ikaanza. Niliitazama saa ya ukutani. Sekunde thelathini. Thelathini na tano. Nilijua kwamba mji mzima, hata walioambiwa, umeshika pumzi ukingoja jina. Kwenye arobaini Esperansi akainama tena kwenye mikro, akasema polepole, kama anaongea na mtu mmoja:

"Hapa njo munangoja jina. Hakuna jina. Sikilizeni."

Akarudi nyuma hatua moja. Dakika ya tatu mkono wa kushoto ukaanza kukimbia, na nilimwona Esperansi amefumba macho, midomo inacheza. Nililia, hewani, bila sauti. Hiyo ni mara ya pili niliyovunja sheria.

Jioni nilimkuta Papa Eduari nyumbani kwake, mkewe anamenya mihogo. Nikaandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: ULISIKIA?

"Kidogo," akasema. "Kama mutu anatembea chumba cha pili. Lakini niliona. Kwa arobaini wote walisimama. Muuza vitenge alishika mulango wake, hivi. Nikasema, wanakimbia. Halafu mama mumoja akainamisha dumu, akaendelea kupima mawese. Mwingine akaendelea. Yule wa vitenge akaachilia mulango. Njo nikajua wanasikia." Akapangusa uso kwa kiganja, akanishukuru. "Murakoze, mwanangu."

"Na godoro?" mkewe akauliza kutoka jikoni, kwa nguvu ili asikie. Hakusikia. Nilicheka kwa niaba yake.

Baada ya siku hiyo watu walianza kuiomba kwenye salamu. Si wengi. Mwalimu mmoja kwa binti yake aliyefaulu, wazazi wa mapacha wa Kigwena. Wako wanaoshtuka bado, na mtakaa nao kwa uvumilivu, kwa sababu woga wao walifundishwa na mambo ya kweli. Faili la MISIBA1 nililifuta mwenyewe kabla sijaondoka. Kwenye boksi la viatu nilikwangua yale maneno mekundu kwa wembe, kadibodi ikatoboka kidogo. Msiandike kitu kingine hapo.

Papa Eduari alifariki wiki mbili kabla ya mimi kustaafu. Komunike yake ilikuwa ya mwisho niliyosoma. Mkono wangu ulikwenda kwenye faili la MISIBA1 wenyewe, kwa mazoea, nikaurudisha. Sikuweka muziki wowote. Nilikaa kimya mbele ya mikro, nikamwona yule mwanamke wa Kigwena, nikamngoja aweke sufuria chini. Kisha nikasoma jina la Papa Eduari, la mkewe, majina ya watoto na wajukuu kwa mpangilio, na mahali pa kilio. Pumzi ilinitosha.

Taa ilipozimika simu ililia. Alikuwa msikilizaji mmoja wa Bugarama, baba mtu mzima, sauti ya upole.

"Mama Zaina, pole sana. Lakini leo mumesahau muziki."

"Hatujasahau, baba," nikamwambia. "Utausikia Jumamosi, kwenye salamu za harusi."